Alama ya Kuuliza

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Kwa zaidi ya miaka 30 niliyosimama mbele ya ubao niliwafundisha watoto methali hii, wala sikuwahi kuitilia shaka. Leo, nikiwa mzee wa miaka 70 na ushei, nimeanza kuona kwamba methali hiyo inamhusu mwongo anayejua kuwa anadanganya. Huyo hujikanyaga, na siku zake hazifiki 40. Lakini uongo unaosemwa na asiyejua kuwa anasema uongo, njia yake yaweza kuwa ndefu mno. Hupita shule hadi shule na kizazi hadi kizazi, kisha siku moja hubisha hodi nyumbani kwako ukiwa umevaa joho la ukweli.

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za uongo wa namna hiyo. Mmoja ulitungwa na mashine. Wa pili niliutunga mimi mwenyewe.

Mimi si mwanahistoria. Elimu yangu ya juu kabisa ni ya chuo cha ualimu, niliyoipata miaka ya mwanzo ya 1970, wakati taifa letu lilipokuwa na kiu ya walimu. Nilifundisha shule za msingi katika vijiji vya Ufipa, nikawa Mwalimu Mkuu, na nikastaafu nikiwa katika kiti hicho. Lakini historia niliipenda tangu ujana, hasa historia ya mahali petu, kwa kuwa vitabu tulivyopewa vilisema mengi juu ya pwani, Kilimanjaro na Buganda, na juu ya Ufipa vilisema mistari miwili, au visiseme lolote.

Sasa, mwaka 2024, mwezi wa Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza kweli kweli, mjukuu wangu alikuja likizo hapa Sumbawanga. Anasoma historia chuo kikuu, mwaka wa tatu, na alikuwa akiandaa tasnifu yake juu ya uyeyushaji wa chuma katika Ufipa ya zamani. Nilifurahi kupita kiasi. Hata wageni wapitao kwetu huoneshwa mashambani mabaki ya yale matanuru marefu ya udongo, yanayozidi kimo cha mtu, ambayo wenyewe tunayaita malungu, na mavi ya chuma yaliyozagaa kandokando yake. Babu zetu waliyeyusha mawe ya chuma humo bila kutumia mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini ya tanuru. Kisha chuma kile kichafu kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Mtoto wa Ufipa akiandika habari hiyo, mzee kama mimi hulala usingizi mzuri.

Jioni moja tulikuwa tunaota moto wa jiko la mkaa. Akafungua kompyuta yake, akacheka.

"Babu, kazi ya wiki nzima nimeimaliza kwa dakika 5."

Akanionesha orodha ya maandiko 7 juu ya chuma na historia ya Ufipa. Kila andiko lilikuwa na jina la mwandishi, mwaka, mahali lilipochapishwa, na chini yake muhtasari wa sentensi mbili tatu. Nikamuuliza orodha hiyo ameipata maktaba gani. Akanijibu kuwa ameiuliza akili unde, hiyo ambayo wengine huiita akili mnemba: programu ya kompyuta inayojibu maswali kwa maneno kama mtu.

Nilivaa miwani, nikasoma taratibu. Kwa kweli nilistaajabu. Wa kwanza alikuwa Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960. Sura yake juu ya Wafipa imo katika kitabu cha *Tanzania Before 1900*, kilichohaririwa na Andrew Roberts na kuchapishwa Nairobi mwaka 1968. Kitabu hicho ninacho kabatini hadi leo, kurasa zake zimeliwa pembeni na mende. Wa pili alikuwa R. Wise, aliyeandika juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1958. Alikuwamo Padre J. M. Robert, aliyeandika kwa Kifaransa juu ya imani na desturi za Wafipa, kitabu kilichopigwa chapa Tabora mwaka 1949. Alikuwamo mwanaakiolojia wetu Mtanzania, Bertram Mapunda, na kitabu chake juu ya uhunzi wa Wafipa kilichotoka Kampala mwaka 2010. Kilikuwamo pia kitabu kikubwa cha Willis cha mwaka 1981, *A State in the Making*. Matano hayo ni maandiko ya kweli kabisa.

La sita lilinitia mashaka. Kilikuwa kitabu kingine cha Willis juu ya wahunzi na wafalme wa Nkansi, chenye mwaka na mchapishaji. Jina lake lilinoga, lakini sikuwahi kulisikia. La saba lilinifanya niweke kikombe cha chai chini. Lilikuwa makala ya mwandishi mwenye jina la Kifipa safi, eti katika *Tanganyika Notes and Records* ya mwaka 1932.

"Mjukuu wangu," nikasema, "jarida hili lilianza kutoka mwaka 1936. Huyu bwana aliandika wapi mwaka 1932?"

Akanyamaza. Kisha akaiuliza mashine ile ile. Mashine ikaomba radhi kwa adabu kubwa, ikasema imekosea, ikatoa makala nyingine badala yake. Nayo tuliitafuta katika orodha za maktaba zinazopatikana kwa intaneti, hatukuiona. Kitabu cha sita hatukukiona. Aliporudi Dar es Salaam aliingia katika maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu inayohifadhi maandiko ya Afrika Mashariki, akapekua majarida yenyewe kwa mkono. Hayakuwamo. Yule mwandishi wa Kifipa, ambaye kwa nusu saa nzima nilikuwa nimeanza kumwonea fahari, hakuwahi kuandika makala ile. Hata kama yupo mtu mwenye jina hilo, makala haipo.

Hapa yafaa nieleze jinsi nilivyofahamishwa mashine hizi zinavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wetu tunadhani ni maktaba iliyowekwa ndani ya simu. Mashine imelishwa maandishi mengi mno, na kutokana na hayo imejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza swali, inajenga jibu kipande kwa kipande, ikifuata kile kinachoelekea kufuata. Inajua vizuri sana *sura* ya marejeo ya kitaaluma: jina, mwaka, anwani, jarida. Kwa hiyo inaweza kufinyanga marejeo yenye sura nzuri bila kuwapo kitu nyuma yake. Haikusudii kudanganya, kwa maana haina kusudi. Nyingine siku hizi hupekua kwanza intaneti, zikakuwekea na kiungo cha kubonyeza. Hiyo ni nafuu, lakini kiungo kisipofunguliwa hakina tofauti na uvumi, na hata kikifunguka huenda ukurasa hausemi kile mashine ilichosema.

Balaa hili halikuwapata wanafunzi peke yao. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za zamani ambazo ChatGPT ilikuwa imezibuni, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Mawakili! Watu ambao kazi yao ni kuuliza ushahidi uko wapi. Lakini ndugu msomaji, angalia tofauti. Kule New York upande wa pili ulikuwa na mawakili wake, wakazitafuta zile kesi, wakazikosa. Juu ya Ufipa nani angetafuta? Mwalimu gani wa chuo anayesahihisha tasnifu 40 angejua kuwa yule mwandishi hayupo? Uongo juu ya Napoleon utakutana na maelfu ya watu wanaomjua Napoleon. Uongo juu ya Milansi utapita kama mgeni usiku, asikutane hata na mbwa.

Na nimeitaja Milansi kwa sababu maalumu. Marejeo hewa niliyokueleza si hatari kubwa kuliko zote, maana ukiyatafuta utayakosa, na mchezo umeisha. Hatari kubwa zaidi ni kitabu cha kweli kilichowekewa maneno yasiyo yake. Chini ya *A State in the Making* mashine ilikuwa imeandika muhtasari kwamba, kwa mujibu wa Willis, ukoo wa watawala wa Milansi ulipinduliwa vitani na jeshi la Watwa waliotoka kaskazini.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Kila mtoto aliyelelewa na bibi Ufipa anaijua habari ya Milansi, na Willis ameijenga hoja yake juu ya simulizi hiyo hiyo: kwamba walikuja wanawake watatu wageni wakati mfalme yuko porini anawinda, na aliporudi akakuta utawala umekwisha kumponyoka. Katika simulizi hiyo hakuna jeshi wala mkuki uliorushwa. Watwa wakatawala, ndio hao waliokuja kugawanyika katika Nkansi na Lyangalile, lakini Milansi ikabaki na heshima yake ya kale kama mahali pa asili. Hiyo ndiyo fumbo la historia yetu: wenye nguvu walitawala, na wenye asili waliheshimiwa. Ukiweka vita mahali pa wale wanawake watatu, umeiondoa roho ya habari nzima. Milansi inakuwa watu walioshindwa, basi.

Nikajiuliza, vita hii mashine imeitoa wapi? Nadhani jibu ni jepesi. Katika maandishi mengi duniani, falme huangushwa kwa vita. Mashine ilipofika Ufipa ikakuta maandishi machache, ikaziba pengo kwa kawaida ya mahali pengine. Mahali penye vitabu elfu, hujibu kutokana na vitabu elfu. Mahali penye vitabu vitano, hujibu kutokana na vitabu vya majirani, kisha huandika jina letu juu yake. Tusipokuwa waangalifu, miaka 30 ijayo Ufipa, Uluguru na Unyakyusa zitakuwa na historia moja, na itakuwa historia ya watu wengine.

Nilizungumza usiku ule kwa kirefu. Nadhani nilizungumza kupita kiasi, kama kawaida ya walimu waliostaafu. Nilisema jina la mji wetu, kama wengi wasemavyo, maana yake ni "tupa uchawi", basi na yeye autupe uchawi ule. Mjukuu wangu akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole:

"Babu, mashine hii hii imeniambia pia kwamba pale Kalambo wamechimbua magogo yaliyochongwa na binadamu wa kale, yenye miaka zaidi ya laki nne. Na hilo nalo nilitupe?"

"Litupe!" nikasema. "Gogo gani halijaoza miaka laki nne?"

Akafungua jarida la sayansi liitwalo *Nature*, la Septemba 2023. Nikasoma mwenyewe, na pale nilipokwama yeye akanisaidia. Wataalamu wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimba juu ya maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, hatua chache tu kutoka mpakani kwetu. Walikuta magogo mawili yaliyounganishwa kwa kukatiwa mkato makusudi, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Hayakuoza kwa kuwa yalilala katika udongo uliolowa maji daima. Ilikuwa kweli tupu. Mimi, bingwa wa vyanzo, nilikuwa nimeikataa kweli bila kuangalia chanzo, kwa sababu tu sikumpenda mleta habari. Na kosa hilo ni pacha wa lile la kwanza: anayeamini kila kitu na anayekataa kila kitu, wote wawili wamekwepa kazi ya kwenda kuangalia.

Kama mambo yangekomea hapo, nisingeandika insha hii. Siku mbili baadaye alirudi kutoka vijijini alikokwenda kuzungumza na wazee. Alikuwa na furaha, kwa sababu amepata tarehe. Wazee wawili wa vijiji viwili mbalimbali, wasio ndugu, walimwambia kwamba tanuru la mwisho katika sehemu ile liliwashwa mwaka 1931. Mashahidi wawili, wamekubaliana. Nikamsifu, nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya kihistoria, si kubonyezabonyeza.

Hakujibu upesi. Akafungua daftari lake.

"Babu, niliwauliza na wao: nani kakuambia? Wote wawili walisema walifundishwa shuleni. Nikauliza, na mwalimu nani." Akainua macho. "Na wewe, Babu, nani alikuambia?"

Ndugu msomaji, niliona haya ambayo sijawahi kuyaona mbele ya mkaguzi yeyote.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Alikuwapo mzee ambaye utotoni mwake alibeba mkaa kwenye ilungu la baba yake mkubwa. Nikampeleka darasani, akawasimulia watoto jinsi udongo ulivyokandwa, jinsi tanuru lilivyopambwa kama bibi harusi, na jinsi wafanyakazi walivyojitenga na wake zao wakati wa kazi. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, mara ya mwisho lilikuwa mwaka gani?" Mzee akajibu, "Mwaka wa nzige." Akaondoka zake.

Sasa mwalimu anaandikaje ubaoni "mwaka wa nzige"? Mtihani unataka tarakimu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nzige walivamia nchi mnamo 1931. Nikaandika ubaoni: 1931. Watoto wakanakili. Mwalimu mwenzangu akaazima daftari langu la maandalio alipohamishiwa shule nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1990 nilihudhuria sherehe ya shule, mgeni akasoma risala, na ndani ya risala ikawamo: tanuru la mwisho, 1931. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Wakati huo mzee wangu alikwisha kufariki, na mimi mwenyewe nilikwisha kusahau kwamba mwaka ule niliuweka mimi. Kusikia mwingine akiutaja kulinifanya niuamini zaidi.

Wazee wale wawili hawakuwa mashahidi wawili. Walikuwa watu wawili waliokunywa maji ya kisima kimoja, na mchafuzi wa kisima ni mimi.

Je, nzige wale walikuwa wa mwaka gani? Bonde la Ziwa Rukwa, pale chini ya uwanda wetu, ni moja ya mazalio yanayojulikana sana ya nzige wekundu barani Afrika. Uvamizi mkubwa ulioanza karibu na 1930 haukwisha hadi miaka ya katikati ya 1940. Ndio uliosababisha mwaka 1949 kuundwa shirika la kupambana na nzige hao, likaweka makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka. Na kabla ya hapo nzige walikwisha kuisumbua nchi tangu miaka ya 1890. Kwa hiyo "mwaka wa nzige" wa mzee wangu waweza kuwa mmoja kati ya miaka mingi. Yeye alitoa habari iliyo sahihi kwa kiasi alichojua. Mimi ndiye niliyeongeza usahihi usiokuwapo.

Tulipekua masanduku yangu nusu siku. Mwisho tukalipata daftari la 1979, jalada lake limepauka. Na katika ukurasa wenyewe, kwa mwandiko wangu wa ujana, nilisoma: "Mwaka wa nzige (1931?)." Alama ya kuuliza ilikuwapo! Niliiweka kwa kalamu ya risasi nilipokuwa nyumbani, nikiwa mkweli. Ilianguka mahali fulani kati ya daftari na ubao, pengine kwa sababu chaki ilikuwa chache, au kwa sababu watoto 45 walikuwa wananitazama na mwalimu hapendi kuonekana hajui.

Hapo nilielewa kosa la mashine kuliko nilivyofafanuliwa na mtu yeyote. Nayo haipendi kuonekana haijui. Inaangusha alama ya kuuliza. Tofauti ni kwamba mimi nilifanya kwa darasa moja la watoto 45, nayo hufanya kwa watu wasiohesabika kwa siku moja. Na kwamba mimi nina daftari la kunisuta.

Baada ya hapo mimi na mjukuu wangu tuliketi, tukaandika masharti ya kazi yake. Hakuyatumia peke yake. Nami nimeyashika katika kuandika hapa.

La kwanza: mashine itumike kama mtu wa njiani unayemwuliza njia, si kama mwenyeji wa nyumba unayokwenda. Ina faida kubwa katika kutafuta maneno ya kutafutia. Ilimkumbusha kutafuta "Bismarckburg", jina la Kijerumani la Kasanga, jambo ambalo halikunijia mimi. Ilimwambia juu ya Padre Robert, na ikamfasiria vipande vya Kifaransa. Tafsiri hizo tulimpelekea padre mmoja mzee anayejua lugha hiyo, akazirekebisha mahali pawili.

La pili: andiko lisiingie katika orodha mpaka limeshikwa mkononi au limeonekana ukurasa kwa ukurasa. Na jina kuwapo katika orodha ya maktaba halitoshi. Lazima kusoma mahali penyewe panaposemwa kusema jambo hilo. Ambalo hujalisoma, sema umetajiwa na nani.

La tatu: usiihoji mashine juu ya ukweli wa mashine. Mtuhumiwa hawi shahidi wa kesi yake. Nenda kwenye jarida, kwenye Nyaraka za Taifa, kwa mzee.

La nne: ushahidi wa watu wawili usihesabiwe kuwa wa wawili mpaka umejua kila mmoja aliupata wapi. Hili linahusu wazee, vitabu, na mashine pia. Maana mashine mbili zikikubaliana, huenda zimekunywa kisima kimoja.

La tano: sema wazi mahali ulipoitumia. Hakuna aibu kusema uliuliza njia. Aibu ni kujifanya ulizaliwa hapo.

La sita, na hili nimelitilia mkazo mimi: tuandike. Mashine imetunga vita ya Milansi kwa sababu tumeiachia nafasi tupu. Wazee wanaokumbuka malungu kwa kuona wamekwisha kutangulia, waliobaki wanakumbuka kwa kusikia. Kila daftari la mwalimu lenye masimulizi, likiandikwa jina la msimulizi, kijiji na siku, ni jiwe katika ukuta ambao uongo hautaupita kirahisi.

Mjukuu wangu alipasi tasnifu yake. Katika tanbihi moja ameandika kwamba mwaka 1931 unaosimuliwa katika vijiji hivyo unatokana na makisio ya mwalimu mmoja mwaka 1979, na kwamba msimulizi wa asili alisema mwaka wa nzige. Jina langu aliliacha, kwa heshima. Mimi nimeona afadhali nijitaje mwenyewe hapa.

Baada ya hapo nilikwenda katika shule ile ya zamani. Mwalimu Mkuu wa sasa ni binti niliyemfundisha darasa la tatu. Akanipa dakika 20 na darasa la sita. Niliwaeleza watoto habari yote, nikawaambia kwamba mimi Babu yao niliandika ubaoni jambo nisilolijua. Walicheka, maana watoto hufurahi sana mwalimu anapokosea. Kisha mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono.

"Sasa Babu, tuandike mwaka gani?"

Nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: *Mwaka wa nzige, kama alivyosimulia mzee aliyebeba mkaa.* Na mbele yake, ili isianguke tena, nikaweka alama ya kuuliza.